Iyengar baada ya skuta: kisa cha mwili uliojeruhika na mazoezi yasiyokatika

Mwaka 1979 B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India, alikuwa na miaka sitini, na jina lake lilikwisha kuvuka bahari. Kitabu chake cha mwaka 1966, chenye picha zake mwenyewe katika mikao karibu mia mbili, kilikuwa mikononi mwa wanafunzi wa yoga Ulaya na Marekani. Chuo chake mjini Pune, magharibi mwa India, kilikuwa na umri wa miaka minne. Mwaka huohuo akapata ajali ya skuta: bega la kushoto, uti wa mgongo na magoti vikaumia. Hajapona vizuri, miezi michache baadaye akapata ajali nyingine ya skuta, safari hii likaumia bega la kulia na goti la kulia. Mtu aliyejulikana duniani kwa kupinda mgongo mpaka nyayo zikakutana na kichwa, mkono wake mwenyewe ukawa haunyanyuki.

Watu wa yoga wanakipenda kisa hiki, na wengi hukisimulia kombo. Utasikia mwalimu akimwambia mwanafunzi mwenye goti bovu: Iyengar alivunjikavunjika na hakuacha, sembuse wewe? Basi mwanafunzi anakaza meno na kuendelea. Lakini ukikifuata kisa hatua kwa hatua, Iyengar hakufanya hivyo. Alichokishikilia ni mazoezi ya kila siku. Mikao yenyewe, ile iliyompa jina, aliiachia, akaibomoa na kuianza upya kwa kuegemea kuta na viti. Tena jeraha lake kubwa la kwanza, miaka arobaini na ushei kabla ya skuta, halikutoka barabarani. Lilitoka kwenye yoga.

Kaptula na mkasi

Iyengar alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, mama yake akiwa anaugua ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na watatu. Malaria, kifua kikuu na homa ya matumbo vilimpitia kimoja baada ya kingine. Baba alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alifika ujanani akiwa na mikono myembamba, tumbo limetokeza, na kichwa shingo haikiwezi. Mwaka 1934 shemeji yake, T. Krishnamacharya, mume wa dada yake, alimwita Mysore, mji wa kusini mwa India, alikokuwa akifundisha yoga katika kasri la Jaganmohan kwa ufadhili wa maharaja, mtawala wa huko. Hakumwita kwa kumwona na kipaji. Kijana alikaa kwanza akitumwa kazi za nyumbani, na mafunzo ya kweli yalianza baada ya mwanafunzi aliyetegemewa kuondoka zake.

Siku moja, mbele ya mgeni wa heshima, mwalimu akamwamuru afanye Hanumanasana. Ni mkao wa kuketi chini mguu mmoja umenyooshwa mbele na mwingine nyuma, mpaka mapaja yote mawili yalale sakafuni. Kijana hakuwahi kuujaribu. Akajitetea kwamba kaptula yake inabana. Mwalimu akaagiza mkasi, kaptula ikachanwa, udhuru ukaisha. Akaufanya mkao. Misuli ya nyuma ya paja ikachanika, na kupona kukachukua miaka.

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu majeraha ya jamii hii huwapata hasa wale wafanyao yoga kwa bidii. Misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa kwa kano kwenye mfupa wa kukalia. Ukiinama mbele na magoti yamenyooka, kano hizo huvutwa, na papo hapo hugandamizwa kwenye mfupa. Zikichanika kidogo au zikichakaa, mwenyewe husikia uchungu chini ya tako akikaa muda mrefu kwenye kiti cha basi, au akiinama kuokota kitu. Yeye huamini misuli imekaza, kwa hiyo huivuta zaidi. Kuivuta kunampa nafuu ya dakika chache, kesho yake uchungu uko palepale, naye anavuta tena. Mwaka unapita namna hiyo. Kwa kawaida kinachosaidia ni kinyume chake: kupunguza kuinama, kukunja goti kidogo kila unapoinama, na kuirudishia misuli nguvu polepole, kwa mfano kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga. Ni zoezi lisilo na mvuto wowote, na pengine ndiyo sababu madarasa mengi hulipitia haraka ili yafike kwenye mikao ya kushangaza.

Kaptula inanifikirisha kwa jambo jingine pia. Kijana alijua kwamba mkao ule haumfai, ila kumwambia mkubwa usoni kwamba hawezi hakukuwezekana, basi akatafuta pa kujifichia. Sisi wa huku tusijifanye hatuelewi. Tumelelewa hivyohivyo, na ninaona watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu, wakisukumwa mgongoni na mwalimu wa umri wa mtoto wao nao wakanyamaza kwa adabu.

Pune, bila mwalimu

Mwaka 1937, akiwa na miaka kumi na minane, alitumwa Pune kufundisha katika klabu ya Deccan Gymkhana kwa miezi sita. Alichaguliwa kwa sababu moja nyepesi: alijua Kiingereza kidogo. Wanafunzi wake walikuwa na miili yenye afya kumshinda. Ili asiaibike alifanya mazoezi peke yake hadi saa kumi kwa siku, mwili unauma, chakula cha shida, na mwalimu wake yuko mbali.

Kwenye miaka hiyo ndipo wasimuliaji hupata hadithi yao ya ushujaa. Mimi naona ni miaka ya hatari iliyozaa kitu chenye faida bila kukusudiwa. Mwili ulipokataa mkao, alianza kutafuta vya kuegemea: matofali, mapipa, chochote kilichopatikana. Akagundua kwamba kwenye pipa mgongo unapindika bila kushikiliwa na misuli, kwa hiyo mtu anaweza kukaa humo muda mrefu na kusikiliza nini kinavutika na nini kinalalamika. Baadaye alikuja kufundisha tofauti ya maumivu mawili. Yenye kufaa huja taratibu, huenea sawasawa, na mtu huweza kupumua ndani yake. Yenye kudhuru huja ghafla, ni makali, na yamejikita mahali pamoja. Hakuisoma tofauti hiyo popote. Aliilipia kwa mwili wake.

Yehudi Menuhin, mpiga fidla mashuhuri, alimjia mwaka 1952 huko Bombay akiwa amechoka, ana maumivu ya misuli na usingizi haupatikani. Pamoja na ukali wote uliosimuliwa juu ya Iyengar, kitu cha kwanza alichompa hakikuwa kunyoosha wala kupinda. Alimlaza, akamtuliza, na Menuhin akalala usingizi wa karibu saa nzima. Baadaye Menuhin alimpa saa iliyochorwa maneno ya kumwita mwalimu wake bora wa fidla. Kwa hiyo kabla ya ajali zake Iyengar alikwisha kujua kuwapa wengine kile ambacho yeye mwenyewe hakuwa amejipa sana: mkao unaomshika mtu badala ya mtu kuushika mkao.

Kusimama, kisha kuanguka

Kuna kipande ambacho wasimuliaji wengi hukiruka. Baada ya kutimiza miaka sitini, mwisho wa mwaka 1978, Krishnamacharya alimshauri apunguze kazi ya mwili aelekee zaidi kwenye kutafakari. Akatii. Ndani ya miezi mitatu wepesi wake ukapotea. Skuta ilimkuta na mwili uliokwisha kulegea.

Kwa mchambuzi hilo si dogo. Tukiulizwa kwa nini ajali ile ilimwangusha hivyo, sehemu ya jibu ni kishindo cha ajali, sehemu ni umri, na sehemu ni ile miezi ya kupumzika. Misuli isiyotumika hunyong'onyea upesi, na kwa mtu wa miaka sitini hunyong'onyea upesi zaidi na kurudi kwa kuchelewa. Ushauri wa kawaida wa mtaani, "pumzika mpaka iishe", unafaa kwa siku chache za mwanzo. Baada ya hapo unakuwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Alipoanza tena, alianza na mikao ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ukutani, kwenye kamba zilizofungwa ukutani, kwenye kiti cha chuma cha kukunja kilichotolewa egemeo, kwenye mabenchi ya mbao yaliyopindwa kufuata mgongo. Vifaa hivi havikuvumbuliwa mwaka ule. Alikuwa akiviunda kwa miaka, sana sana kwa ajili ya wagonjwa waliomjia. Safari hii mgonjwa alikuwa yeye. Kurudi kulimchukua miaka, na kwa kukiri kwake hakurudi kamili pale alipokuwa.

Chukua bega. Mtu asiyeweza kuinua mkono akijilazimisha kuuinua, misuli yote ya kuzunguka bega hukakamaa kulilinda, na anachokipata ni shingo iliyopanda masikioni. Mlaze chali juu ya mto mrefu, mkono auachie pembeni kwenye blanketi lililokunjwa, uzito wa mkono utafungua kifua bila yeye kuvuta chochote. Kesho blanketi linapunguzwa mkunjo mmoja. Au mgongo: juu ya benchi lililopindwa, mbao ndiyo inayobeba, misuli haina sababu ya kujihami, na pingili zinapata mwendo ambao zingeukataa kama mtu angejipinda kwa nguvu zake. Dakika tano, kumi, kila siku.

Anayetoka kwenye nyumba ya swala hahitaji kuelezwa sana hapa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu, na hakuna anayemwambia mzee aliye kwenye kiti msikitini kwamba ameacha kuswali. Iyengar aliyekuwa kwenye kiti cha chuma mwaka 1979 alikuwa akifanya yoga ileile aliyoifanya mwaka 1966, na walimu wanaoona kiti na mto ni vya wanafunzi wazembe hawajakielewa kisa wanachokinukuu.

Kwa nini jambo hili hufanya kazi hata jeraha likiwa la miaka mingi? Msuli uliochanika kidogo huunga kwa wiki kadhaa, kano kwa miezi. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, na hapo ukubwa wa maumivu haulingani tena na ukubwa wa jeraha. Mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kuonya, na vinaonya hata pale palipokwisha kupona. Maumivu hayo ni ya kweli, hakuna anayeyabuni. Ila mwenye maumivu ya namna hiyo anahitaji mwendo mwingi mdogomdogo usiomtisha, unaorudiwa mpaka mwili uzoee kwamba kuinua mkono hakuleti balaa. Kujilazimisha mara moja kwa wiki kunathibitisha hofu. Dakika ishirini za kila siku, chini kidogo ya mpaka wa uchungu, zinaipunguza.

Pale kisa kinapodanganya

Sitaki kumfanya Iyengar dawa. Kwanza, tunakisoma kisa cha aliyesalia. Vijana wangapi waliochanika misuli mbele ya wageni wa heshima waliondoka na hawakuandika kitabu? Pili, alikuwa na saa nyingi za siku, ukumbi wake, vifaa vyake, na wasaidizi waliofunzwa naye. Dereva wa bodaboda aliyeanguka na kuvunjika mguu ana mkeka, ukuta wa chumba cha kupanga, na saa moja kabla ya alfajiri. Tatu, mtu aliyeumizwa na amri ya mwalimu alikuja kuwa naye mwalimu mkali, aliyejulikana kwa kuwakemea na hata kuwapiga makofi wanafunzi darasani. Wafuasi wake wana maelezo yao kuhusu makofi hayo. Mimi hayaniridhishi. Kumpiga mtu aliyekuja na maumivu ni kurudisha mkasi mezani.

Nne, na hili ndilo linalopuuzwa, huenda si lazima iwe yoga. Utafiti mmoja uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwafuata watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengi wao wa kipato cha chini. Wengine walipewa darasa la yoga la kila wiki kwa wiki 12, wengine fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wengine kitabu cha maelezo. Yoga haikuwa nyuma ya fiziotherapia. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa za kujaribiwa kwanza kwa kiuno kisichopona. Habari njema. Lakini utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2011, ulilinganisha yoga na darasa la kawaida la kunyoosha viungo, na matokeo yakawa takriban sawa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mkao fulani wenye jina la Kisanskriti ndio unaoponya, mwombe akueleze darasa lile la kunyoosha viungo lilitumia mkao gani.

Goti la bodaboda

Sasa kisa hiki nikilete kwa msomaji mwenye goti la ajali au la mpira, maana ndilo jeraha la zamani ninalolikuta zaidi. Goti hukunjuka na kukunjika. Kujizungusha kwake ni kudogo. Katika mkao wa kukunja miguu na kuweka nyayo juu ya mapaja, mzunguko wote unatakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga ikiwa ngumu, na kwa sisi tunaoshinda kwenye viti huwa ngumu, msokoto huteremka gotini na kukamua gegedu lililokwisha kuchanika zamani. Mwenye goti hilo akae juu ya mto au tofali mpaka magoti yake yawe chini ya nyonga, na mkao wa nyayo juu ya mapaja ausahau. Akitaka kukalia visigino, aweke kanga iliyokunjwa nene nyuma ya goti kabla ya kulikunja, ili mifupa isigandamizane, na mto mwingine chini ya makalio. Hiyo ni njia ya Pune kabisa, kamba na vitambaa nyuma ya goti vimetumika huko miaka mingi.

Kipimo cha kujua umezidisha ni kesho yake asubuhi. Wataalamu wa fiziotherapia hutumia saa 24: uchungu mdogo wakati wa zoezi unavumilika ikiwa umetulia kufikia kesho saa kama hiyo, na goti halikuvimba. Likivimba, au ukichechemea kwenda kupiga mswaki, punguza nusu, usiache. Ganzi inayoshuka mguuni, goti linalokwama au kuachia ghafla, maumivu yanayokuamsha usiku, udhaifu wa mguu au kushindwa kuzuia haja baada ya kuumia mgongo, hayo hayasubiri asubuhi wala hayatafutiwi mto. Ni ya hospitali siku hiyohiyo. Na mzee mwenye mifupa iliyopungua ugumu asikubali kuinamishwa mbele kwa nguvu, kwa kuwa pingili za mgongo huweza kuvunjika kwa kubonyea bila hata ya kuanguka.

Kabla darasa halijaanza mwambie mwalimu jeraha lako lilipo, la lini, na kitu gani hutafanya. Sema pia kwamba hutaki kusukumwa. Wako walimu watakaokuletea kiti bila kuulizwa, na wako watakaotabasamu na kukusukuma vilevile.

Iyengar alipata mshtuko wa moyo mwaka 1996, akarudi tena ukumbini kwa vifaa vilevile, na aliendelea na mazoezi mpaka miaka ya tisini ya umri wake. Alifariki Pune tarehe 20 Agosti 2014, akiwa na miaka 95. Wageni waliomwona siku za mwisho wanakumbuka zaidi alivyokuwa akisimama kwa kichwa kwa muda mrefu, na picha hizo ndizo zinazozunguka kwenye simu. Mkao huo hupandisha shinikizo ndani ya jicho karibu maradufu na kuiwekea shingo mzigo mkubwa. Aliufikia kwa miaka zaidi ya sabini ya kuurudia. Mwenye presha ya macho wa Tanga, aliyeanza yoga juzi kwa ajili ya kiuno, alale chali tu, magoti ameyakunja.